Kunuka na kunukia: niliyoyasema Jumamosi, kwa wale mliokosa

Mmeniomba sana rekodi ya mazungumzo yangu ya Jumamosi lakini rekodi yenyewe haifai, upepo wa feni umemeza sauti yote, kwa hiyo nimekaa nikaandika kama nilivyoongea. Yale niliyoyachora ubaoni nimeyaacha. Karibuni.

Shikamooni wazee wangu. Asalaam aleykum, Bwana asifiwe, vijana mambo vipi? Sijasikia vizuri, vijana mambo? Haya, asanteni.

Nimeambiwa niongee kuhusu lugha na malezi, nikaachiwa nichague mada mwenyewe. Nimechagua neno moja tu, neno ambalo kila mtu humu ndani kalitumia tangu asubuhi, kalitumia jikoni, kalitumia bafuni, kalitumia alipobanwa kwenye daladala. Naongelea kunuka. Na ndugu zake, kunukia, kunusa, manukato, halafu na harufu.

Najua kuna watu hapa wana mambo mazito vichwani, kuna ada, kuna bei ya mafuta, kuna mgonjwa kaachwa nyumbani, na mtu anajiuliza mwalimu anatuletea harufu ya nini leo? Nawaletea kwa sababu kwa neno hili mtu anakaribishwa, na kwa neno hili hili mtu anafukuzwa kwao. Na kati ya kukaribishwa na kufukuzwa kuna herufi moja. Herufi moja tu jamani!

Tuanze na hiyo herufi. Chukueni pika. Ongeza i, unapata pikia. Nimepika wali, nimempikia mama wali. Wali ni ule ule au umebadilika? Ule ule. Andika, andikia, barua ni ile ile. Fua, fulia, nguo ni zile zile. Sasa chukueni nuka. Ongeza i. Nukia. Kimetokea nini? Maana imegeuka yote! Kinachonuka unakikimbia, kinachonukia unakisogelea. Mtaro unanuka. Biriani linanukia. Hakuna aliyekaa darasani akafundishwa hivyo, mtoto wa Tanga wa miaka mitano anajua, ukimwambia ananuka analia, ukimwambia ananukia anakukumbatia.

Na msidhani ni mtindo wetu wa pwani peke yetu. Nendeni Malawi, kwa Kichewa kitu kibovu wanasema kununkha, kitu kizuri kununkhira. Wameongeza kipande kile kile mwishoni na maana imegeuka vile vile. Nendeni kwa Washona wa Zimbabwe, kunhuwa na kunhuwirira, habari ni ile ile. Hatukufundishana, huu ni urithi wa ukoo mmoja wa lugha zetu za Kibantu, yaani wazee wetu waliona mapema sana kwamba harufu inayokufukuza na harufu inayokuita haziwezi kukaa kwenye neno moja. Waliona inafaa kuzitenganisha, na sisi leo tunazirudisha pamoja, mtu anajipulizia pafyumu ya bei kubwa halafu mwenzie anamwambia "unanuka vizuri". Unanuka vizuri ndio nini?

Kuna kijana mmoja, mwalimu mwenzetu, alitoka bara akapangiwa kazi huku kwetu. Kijana mzuri, ana adabu zake zote. Akaalikwa harusini, akapelekwa kumsalimia bibi yake bwana harusi, na bibi siku hiyo kajifukiza, kavaa kikuba cha asumini na rihani, chumba kizima ni yeye. Kijana akainama akatoa shikamoo, halafu kwa roho safi kabisa akasema, "bibi unanuka vizuri sana". Wanawake wote kimya. Bibi akamshika mkono, akamkalisha kwenye mkeka karibu yake, akamwambia, "mwanangu, panya akifia darini ndio ananuka, mimi nanukia, sema tena". Akasema tena. Bibi akatoa ua moja kwenye kikuba chake akampa. Mnaona malezi hayo? Hakumwaibisha mbele za watu, hakusema watu wa bara hawajui Kiswahili, kamrekebisha na zawadi juu. Mimi nataka tufundishe lugha hivyo hivyo.

Sasa harufu. Harufu kwenye vitabu ni neno la katikati, kuna harufu nzuri na harufu mbaya. Ila midomoni mwetu sivyo. Nenda buchani umwambie muuzaji "hii nyama ina harufu", uone kama atakuuliza harufu gani. Hatauliza, atakukasirikia! Harufu ikisimama peke yake watu wanaisikia mbaya, ukitaka iwe nzuri lazima uiongezee nzuri. Na zile mbaya kila moja tumeipa jina lake, mkononi ukishatoka kuparua samaki ni shombo, kwapani ni kikwapa, kitu kilichooza ni uvundo. Mwenye majina yote hayo hana haja ya kupiga kelele kwamba kitu kinanuka, anataja jina, watu wanajua cha kufanya, wa shombo ananawa na ndimu, wa uvundo anatafuta kilichokufa kiko wapi.

Na kuna jambo moja nalipenda sana katika Kiswahili. Harufu tunafanyaje? Tunaisikia! "Nasikia harufu ya moshi." Kama tunavyosikia njaa, tunavyosikia baridi, tunavyosikia uchungu. Masikio hayahusiki hapo, anayesikia ni mwili mzima. Kwa hiyo harufu inakujia yenyewe, hujaitafuta. Ukiitafuta wewe, neno linabadilika, unanusa. Kitu kinanuka, mtu ananusa. Kunusa ni kazi, ni kupeleka pua kwa makusudi, na hapo nataka mnisikilize vizuri akina mama wenye mitungi ya gesi na vijana mnaoishi gheto na jiko la gesi chini ya kitanda.

Gesi ile ya kupikia, yenyewe kwa asili yake, hainuki. Haina harufu inayoweza kukushtua. Ile harufu mbaya mnayoisikia imetiwa, wanachanganya kidogo sana kemikali yenye salfa ndani yake kwa makusudi inuke, ili ikivuja mtu ajue. Kwa nini walifikia huko? Mwaka 1937, tarehe 18 Machi, kwenye mji mdogo unaitwa New London, jimbo la Texas huko Marekani, gesi ilivuja chini ya shule. Haikuwa na harufu, hakuna mwalimu aliyejua, hakuna mtoto aliyejua, cheche moja ikatosha. Walikufa watu karibu 300, wengi wao watoto wa shule. Watoto wale wangesikia harufu mbaya dakika chache tu kabla wangetoka nje wote wazima. Baada ya hapo ndio sheria zikaja, gesi itiwe harufu.

Kwa hiyo mama, ukiamka usiku ukasikia ile harufu jikoni usipulizie spreyi ya kunukia kuifunika! Nimeona mtu anafanya hivyo. Usiwashe taa, usizime taa, usiguse swichi yoyote, usiwashe kiberiti uangalie panapovuja. Fungua milango na madirisha, funga mtungi, toa watoto nje. Na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatanda chini sakafuni, kwa hiyo aliyelala kwenye mkeka yuko hatarini kuliko aliyesimama. Yule anayenuka pale ni rafiki yako, anakuokoa.

Na wanaonusa kuliko sisi wapo, tena wako hapa hapa nchini. Mnamjua panya buku? Yule mkubwa anayekula mihogo shambani. Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa. Wananusa baruti ya mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kwa kuwa ni wepesi wanapita juu ya bomu halilipuki. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa na kufundishwa Tanzania akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la Uingereza linaloitwa PDSA likampa medali ya dhahabu, panya wa kwanza kabisa kuipata. Alikufa Januari 2022, kastaafu, kazeeka, na kuna watoto Kambodia wanacheza mpira leo kwenye ardhi ambayo yeye aliinusa.

Wengine wananusa makohozi ya kifua kikuu. Sampuli 100 panya anazipitia kwa dakika kama 20 hivi, na wanakuta zile ambazo hadubini ilizipita. Fikirieni hilo, mgonjwa kaambiwa hana kitu karudi nyumbani, panya ananusa sampuli yake anasimama anakwangua, inapimwa tena inakutwa kweli anao ugonjwa. Halafu sisi tukitaka kumtukana mtu tunamwita panya.

Haya, tutoke puani twende mitaani, maana neno hili halijabaki puani. Vijana wa mpira mpo? Timu ikibakiza mechi mbili na iko mbele kwa pointi magazeti yanaandika nini? "Ubingwa wanukia Jangwani." Au Msimbazi, sitaki ugomvi. Ubingwa haujafika, kombe halijaguswa, lakini harufu imeshatangulia. Hapo kunukia maana yake kiko karibu. Na hapa nukia inabeba hata mabaya, mgomo wanukia, vita vyanukia, njaa yanukia. Mnaona neno linavyokwenda? Chakula kikinukia maana yake kinakaribia kuiva, basi na mengine yote yanayokaribia yakapewa neno hilo hilo, matamu na machungu.

Ambaye hajafika hata hapo tunasema hajanusa. "Miaka kumi timu haijanusa fainali." "Hela ya mauzo ya shamba sijainusa hata mimi." Yaani hata ile harufu yake haikunipitia, sembuse yenyewe. Na mambo yakiharibika? Semeni wenyewe vijana. Kimenuka! Kimenuka ni neno la mtaani na mimi silipingi, ni neno lililokaa vizuri, ukilisikia unaanza kutafuta mlango wa nyuma kabla hujauliza kuna nini. Na rushwa tunasema ina harufu, mkataba unanuka rushwa. Sahihi kabisa, rushwa haionekani, haina risiti, lakini watu wanaisikia.

Wazee nao wana yao mawili ambayo ukiyaweka pamoja kama yanapingana. La kwanza, mavi ya kale hayanuki. Mnisamehe watoto wapo, lakini ndio methali ilivyo na sioni sababu ya kuipaka poda. Yaliyopita yakishakauka usiyafukue. La pili, la kuvunda halina ubani. Kitu kikishavunda hakuna moshi wa ubani utakaokifaa. Mtu anasema sasa tushike lipi? Mimi naona yote mawili. Lile la zamani lililokwisha, mtu kaomba radhi, kalipa, kabadilika, liache lilale. Lile linaloendelea kuoza ndani ya nyumba, baba anapiga, mjomba anamgusa mtoto, usiliwekee chetezo, kile chombo cha kufukizia, ukasema mambo ya familia. Hilo litoe nje.

Nimetaja chetezo. Wasichana, wangapi hapa wanajua kupika udi? Sio kununua, kupika. Mikono… wachache. Basi ngoja nikae hapa kidogo, mnivumilie, kwa sababu naipenda kazi hii na sitaki ife. Udi wetu wa kupika ni sukari na maji, unachemsha taratibu huku unakoroga, ukiinua mwiko ukaona inavuta uzi ujue imefika. Hapo ndipo unatia vipande vya udi na sandali ulivyovitwanga, marashi, mafuta ya kunukia, miski kama unayo, kila nyumba ina mkono wake na haisemi yote. Unamimina kwenye sinia, unaacha ikauke, unavunja vipande. Wengi wanaharibu kwenye kuchoma. Wanaweka udi juu ya kaa linalowaka jekundu, sukari inaungua, chumba kinanuka masizi, wanasema udi wa mama fulani mbaya! Udi hauna kosa. Kaa liache lishike jivu jeupe juu, lipoe kidogo, weka kipande kidogo, pindua tenga juu ya chetezo, tandaza kanga zako juu ya tenga, kaa pembeni. Moshi unapanda polepole, unaingia kwenye uzi wa kanga, na kanga hiyo ukiifungua sandukuni mwezi ujao bado inanukia.

Hatufanyi haya kwa mbwembwe. Bibi harusi anafukizwa, mzazi aliyejifungua anafukiziwa chumba, maiti anafukiziwa udi na ubani, mgeni anarashiwa marashi mlangoni. Yaani kwetu mtu akifika mahali pakubwa katika maisha yake tunamnukisha. Na ubani wenyewe umetoka mbali, ni utomvu wa miti inayoota Dhofar kule Oman na upande wa Somalia, umekuja na majahazi karne kwa karne. Leo ukisema nimetoa ubani msibani unaweza kuwa na maana ya hela uliyompa mfiwa! Moshi umegeuka noti, lakini nia haijabadilika, umekwenda kuwafariji wafiwa.

Sasa nafika pale nilipotaka kufika tangu nianze, naomba tutulie.

Kama tunajua kunukisha watu hivi, mbona ulimi wetu mwepesi sana kusema fulani ananuka? Kuna mama mmoja, simtaji, hayupo hapa na kijiji chake sikisemi. Alipata uchungu wa kwanza akiwa msichana mdogo, akakaa siku kadhaa nyumbani, barabara mbaya, usafiri hakuna, alipofikishwa hospitali mtoto alikuwa ameshafariki. Akarudi nyumbani mkojo unamtoka, hauzuiliki, usiku na mchana. Akawa anafua vitambaa kutwa, na bado. Mume akasema ananuka. Mawifi wakasema ananuka. Msikitini kwa wanawake watu wakahama safu. Akajengewa kibanda nyuma ya nyumba, akaishi humo miaka, na kila aliyeuliza habari zake alijibiwa neno moja hilo. Ananuka. Hakuna aliyesema anaumwa!

Mnanisikia? Alikuwa mgonjwa. Ugonjwa unaitwa fistula ya uzazi. Uchungu ukichelewa sana na mtoto akikwama, kichwa kinabana nyama kati ya njia ya uzazi na kibofu, au upande wa haja kubwa, damu haifiki pale, nyama inakufa, panabaki tundu. Mkojo unapita kwenye tundu, au kinyesi. Sio laana, hakuna aliyelogwa, wala mama hakuchepuka, na uchafu haupo hapo kabisa. Ni tundu, na matundu mengi ya namna hiyo yanazibwa kwa upasuaji. Dar es Salaam hospitali ya CCBRT wanatibu fistula bila malipo, na wamewahi hata kuwatumia wanawake nauli kwa M-Pesa ili wafike, maana waliona kinachomzuia mama wa kijijini ni nauli. Dunia nzima ina siku yake, tarehe 23 Mei, siku ya kutokomeza fistula.

Yule mama alikuja kujua haya kwa mpwa wake aliyekuwa anasoma, akampeleka. Amepasuliwa. Anauza vitumbua leo, na watu wanakula. Miaka yote ile ya kibandani ilishikiliwa na neno moja. Watu walipata neno la kumfukuzia wakaacha kuuliza swali. Na swali lilikuwa rahisi tu, dada, unaumwa nini?

Na mashuleni je? Binti amechafuka sketi, hana pedi, hana maji, mvulana mmoja anaropoka "ananuka huyo", darasa linacheka, kesho binti haji. Walimu wenzangu, hapo anayepaswa kusahihishwa ni nani? Tunaagiza usafi, tunakagua kucha, sawa, lakini hatukagui maneno. Mtoto mwenye kikojozi, mzee aliyelala kitandani, kijana wa kubeba mizigo sokoni aliyetoka jasho la halali, wote hawa tunawapa neno lile lile tunalompa panya aliyefia darini.

Nilipomaliza hapo kijana mmoja kaniuliza swali zuri, nalo naliandika hapa na jibu lake. Kauliza, mwalimu, kazini kwetu kuna mwenzetu kweli ana harufu, wateja wanalalamika, sasa tukae kimya?

Nikamjibu hapana, usikae kimya, kukaa kimya huku mnasemana pembeni ni ukatili mkubwa zaidi. Mwite peke yake, sio kwenye grupu na sio kwa meseji, na asiende mtu wa kumtania, aende anayempenda. Usimwambie unanuka. Mwambie "ndugu yangu, kuna harufu nimeisikia, nimeona nikuambie mimi kabla hujaisikia kwa mwingine". Halafu muulize kama yuko salama, kama maji yapo anapoishi, kama kuna kinachomuuma, maana jino bovu linatoa harufu, kidonda kinatoa harufu, sukari ikipanda sana hata pumzi inabadilika harufu, na mwenyewe mara nyingi hasikii, pua ikizoea kitu inanyamaza. Akikuambia maji hayapo mpelekee ndoo. Akikuambia anaumwa mpeleke hospitali, kesho asubuhi, usingoje mwisho wa mwezi.